Ruzuku za utafiti na ufadhili wa uzamivu kwa tulioko Mtwara na Lindi: nachujaje?

BintiMikindani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua fedha za utafiti. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa chuo kimoja hapa Mtwara, nina shahada ya umahiri ya sayansi ya chakula. Natafuta vitu viwili. Cha kwanza ni ufadhili wa uzamivu (PhD). Cha pili ni ruzuku ndogo, kama dola 5,000 hadi 10,000, ya kupima unyevu na ubora wa korosho ghafi kuanzia ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) mpaka ghala kuu, upande wa Tandahimba na Newala.

Orodha za ufadhili nimerushiwa nyingi kwenye magrupu ya WhatsApp, kila moja ina majina zaidi ya hamsini. Nazichujaje? Fedha ikitoka inaingia kwangu au chuoni? Na vibali vinaombwa kabla ya kupata fedha au baada? Tafadhali msinijibu "ingia kwenye tovuti yao", huko nimeshaingia.

KusiniKwetu

Dada, orodha hizo zipitishe kwenye chujio kabla hujasoma hata neno moja kuhusu fedha. Angalia nani anaruhusiwa kuomba, kwa mambo manne: uraia, shahada uliyonayo, fani, na taasisi uliyopo. Majina hamsini yatabaki sita au saba. Hao ndio wa kuwasoma neno kwa neno.

Neno linalopoteza wengi ni "mtafiti chipukizi". Wafadhili wengi hawahesabu umri, wanahesabu miaka tangu ulipopata uzamivu. Mfano mzuri ni OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia. Lina ruzuku ya chipukizi inayofika dola 50,000, lakini hiyo inadai uwe tayari na uzamivu, kwa hiyo iweke kando. Hilohilo shirika lina ufadhili wa uzamivu kwa wanawake wa nchi kama yetu, na huo ndio wako. Masharti ya kuangalia: fani iwe ya sayansi, kilimo au uhandisi, chuo mwenyeji kiwe katika nchi nyingine inayoendelea, siyo Tanzania wala Ulaya, na uwe na barua ya awali ya kukubaliwa, yenye nembo ya chuo hicho. Kuna njia mbili: kusoma huko muda wote, au kusajiliwa chuo cha hapa nyumbani na kwenda kule kwa vipindi. Kwa mtu mwenye ajira njia ya pili hupunguza ugomvi na mwajiri.

Angalia sana fani. Utafiti wako ukiuandika kama "kipato cha wakulima na ubora wa korosho", umejihamisha mwenyewe kwenda sayansi ya jamii na mlango wa OWSD umefungwa. Ukiuandika kama mwenendo wa unyevu, ukungu na ubora wa kiini wakati wa uhifadhi, uko ndani. Ghala ni lilelile, lakini unaowaandikia wamebadilika. Kama moyo wako uko upande wa uchumi na jamii, basi geukia CODESRIA ya Dakar, achana na hawa.

DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusoma ndani ya Afrika kwa umahiri na uzamivu, katika vyuo mwenyeji ilivyoviteua. Hapo kinachokata watu ni sharti la shahada ya mwisho kutozidi miaka sita. Hesabu kuanzia mwaka wa cheti chako kabla hujaanza kuandika chochote. RUFORUM, yenye makao Kampala, ni ya kilimo na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ni mwanachama, hivyo njia ya kuingilia ni kupitia msimamizi aliyeko SUA. CARTA ifute: ni ya afya ya jamii na idadi ya watu, na inachukua watumishi wa taasisi wanachama, kwetu ni UDSM na Taasisi ya Afya Ifakara. Chevening nayo ni ya umahiri wa mwaka mmoja Uingereza, na wewe umahiri unao. Wapelekee wanafunzi wako, ila wajue inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo wa mwaka wa tatu wasipoteze bando.

Orodha nyingi zinazozunguka ni za zamani. Ukikuta programu yenye jina la USAID, ipite. Shirika hilo lilifungwa katikati ya 2025 na programu zake nyingi za utafiti wa kilimo zilikufa nalo. Fulbright iko chini ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ni habari nyingine.

Njia ninayoiamini kuliko orodha yoyote: tafuta makala kumi za miaka mitano iliyopita kuhusu uhifadhi wa korosho, karanga au mahindi Afrika Mashariki. Usisome matokeo, nenda kwenye shukrani. Pale mwandishi anamtaja aliyelipa, mara nyingi mpaka namba ya ruzuku. Hao ndio wameshawahi kutoa fedha kwa swali linalofanana na lako.

Mhasibu_wa_Miradi

Nijibu la fedha inaingia wapi. Ufadhili wa masomo: posho ya kujikimu huingia akaunti yako, ada huenda chuoni moja kwa moja. Ruzuku ya utafiti: karibu mara zote mkataba husainiwa na taasisi na fedha huingia akaunti ya taasisi. Ndogo sana tu ndizo hutumwa kwa mtu binafsi.

Kwa hiyo nenda kwa mhasibu wa chuo KABLA ya kuandika bajeti, uulize mambo haya. Chuo kina akaunti ya dola? Kinakata asilimia ngapi kwa gharama za uendeshaji, na mfadhili wako anaruhusu ngapi? Wapo wasioruhusu hata senti. Chuo kikidai 10% na mfadhili haruhusu, hiyo 10% itatoka kwenye mafuta ya gari lako. Nani anasaini mikataba, na yupo mwezi huo? Andiko zuri hukwama kwa sababu msaini yuko safarini Dodoma.

Ikiwa fedha ni ya serikali ya Marekani, taasisi lazima iwe na namba ya utambulisho, UEI, kutoka mfumo wao wa usajili wa SAM.gov. Usajili ni bure na unaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa jina la taasisi kwenye nyaraka likitofautiana hata kwa nukta. Wanaojitokeza kwa barua pepe wakitaka mamia ya dola ili "wakusajili haraka" ni matapeli au madalali. Kanuni ni hiyohiyo kwa skolashipu: anayedai ada ya kushughulikia maombi kwa namba ya simu, mfute.

Kuhusu dola na shilingi. Katikati ya 2024 dola moja ilikaribia shilingi 2,700, kufika Desemba ilikuwa karibu na 2,400. Aliyepanga dola 10,000 kuwa milioni 27 akapata milioni 24, na milioni tatu ndiyo kazi ya shambani nzima. Andika kwenye bajeti kiwango ulichotumia na tarehe yake, na upige hesabu kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo. Makisio ya bei ya wauzaji wa ndani yawe ya shilingi, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mfano wa mstari wa bajeti ambao hauulizwi maswali. Dodoso 300, kila moja dakika 45. Msaidizi mmoja anamaliza 5 kwa siku bila kughushi, wasaidizi 4 ni 20, kwa hiyo siku 15. Ongeza siku 1 ya mafunzo, 1 ya majaribio ya dodoso, 1 ya akiba: siku 18. Wasaidizi 4 × siku 18 × Sh 40,000 = Sh 2,880,000. Mkaguzi anaona kila namba imetoka wapi. Linganisha na anayeandika "kazi ya shambani: milioni 3". Tofauti ni Sh 120,000 tu, lakini huyu wa pili atakatwa.

Na masurufu, jamani, yaani fedha unayopewa mkononi kwanza kisha unairudishia hesabu. Mtafiti anachukua masurufu, anakwenda Newala, anarudi na risiti za bodaboda zilizoandikwa kwa mkono mmoja na kalamu moja. Kijijini hakuna mashine ya EFD, hilo kila mkaguzi analijua. Andaa mapema fomu ya malipo: jina, kijiji, namba ya simu, kazi, tarehe, kiasi, saini au dole gumba. Malipo ya simu yakiwezekana ni bora zaidi, yanaacha kumbukumbu. Rejesha masurufu ya awamu ya kwanza yote, kwani awamu ya pili haitoki mpaka ya kwanza ifungwe, na hapo ndipo tafiti nyingi hulala.

Nangurukuru

Wote wawili wamesema vizuri, ila mnasahau korosho haisubiri mfadhili. Minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba. Mzigo unajaa maghala Oktoba hadi Desemba au Januari, na mvua zetu za msimu mmoja zinaanza kuchanganya Novemba na Desemba. Ukikosa dirisha hilo, umekosa mwaka.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Sampuli ya kwanza Oktoba. Mashine ya unyevu iwe imefika na kulinganishwa na kipimo cha oveni Agosti. Ununuzi uanze Juni, na kama chuo ni cha umma ununuzi unapita mfumo wa NeST, usitegemee dukani leo kesho mkononi. Fedha iwe ndani Mei au Juni, mkataba Aprili. Wafadhili wengi hukaa na maombi miezi minne hadi sita. Kwa hiyo unatuma Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia, yaani msimu huu unaandika kwa ajili ya msimu ujao. Wito ambao majibu yake yanatoka Septemba usiuombee kazi ya ghalani ya mwaka huohuo, mchambuzi anayejua zao atakutoa kwa ratiba tu. Uombee jaribio la uhifadhi: unanunua korosho Desemba, unaziweka katika hali tofauti za unyevu, unazipima kila mwezi.

Vibali: viandikwe kwenye ratiba ya andiko, viombwe mara barua ya kupata fedha inapotoka. Mpangilio ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaiandikia wilaya, wilaya na halmashauri kwa mtendaji wa kata, halafu kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji wa kijiji akikupokea bila barua ya halmashauri, siku ya tatu atapigiwa simu na utaondoka. Kwa maghala kuna njia ya pili inayokwenda sambamba: chama kikuu cha ushirika. Tandahimba na Newala ni TANECU, siyo MAMCU, hiyo ni ya Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Ukivuka kwenda Ruangwa, Nachingwea au Liwale ni RUNALI. Mrajis msaidizi wa ushirika wa mkoa naye apate nakala, na Bodi ya Korosho ofisi zake ziko Mtwara hapohapo.

Kuwa na mwenzako mgeni kwenye timu kunabadilisha mambo. Yeye anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kibali cha ukaazi, asije kwa viza ya utalii na dodoso mkobani. Sampuli zikitoka nchini andika makubaliano ya kuhamisha sampuli. Ukigusa afya za watu, mathalani mikono ya akinamama wanaobangua inayounguzwa na mafuta ya ganda, kibali cha maadili ni cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Unyevu wa korosho peke yake haufiki huko, lakini orodha ya majina na simu za wakulima inaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo sema utaihifadhi wapi na utaifuta lini.

Jambo moja zaidi la huku kwetu: Kimbunga Hidaya Mei 2024, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga. Kama sampuli zako zinapimwa Dar au Morogoro, weka mpango mbadala. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, iko mlangoni na korosho ndiyo kazi yao. Barua yao ya kukubali ushirikiano ina uzito kuliko kurasa tano za maelezo yako.

MwanaNachingwea

Nadandia uzi, samahani. Nasoma umahiri wa maliasili, kituo cha Chuo Kikuu Huria Lindi. Andiko langu ni la pweza Songo Songo. Nahitaji kama milioni tano tu za boti na wasaidizi. Kuna mlango?

KusiniKwetu

Upo. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yake ni Zanzibar na kina mfuko wa ruzuku za utafiti unaoitwa MARG. Una vipengele tofauti, soma kila kimoja kinamlenga nani. Rufford ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi na ina mkondo mzuri kwa mtu anayeanza, lakini hailipi ada, na haipendi utafiti mtupu. Lazima uonyeshe wavuvi au BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwambao) watabadilisha nini baada ya wewe kuondoka. "Kuongeza maarifa" siyo jibu kwao. Chama cha ikolojia cha Uingereza kina ruzuku ya Ecologists in Africa ya hadi paundi 8,000, ila inataka angalau umahiri mkononi, kwa hiyo iweke kwenye kalenda ya mwaka utakaohitimu.

Songo Songo anzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri ya Kilwa na BMU. Ingekuwa Msimbati ungehitaji ruhusa ya Hifadhi za Bahari kwa sababu ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi.

Mkoma_Indi

Naomba nimpinge KusiniKwetu kidogo. Kumshauri mhadhiri msaidizi aombe ruzuku ya dola 10,000 kama kiongozi wa mradi ni kumchosha. Wachambuzi huangalia machapisho na historia ya kusimamia fedha. Hana. Njia fupi ni kuingia kama mtafiti mwenza kwenye mradi wa mtu wa SUA, UDSM au Nelson Mandela ya Arusha, achukue sehemu ya Mtwara, apate jina kwenye machapisho mawili, halafu ndipo aombe yake.

KusiniKwetu

Mkoma_Indi una hoja, ila tazama upande wa pili. Wa kusini tukiingia kama wenza mara nyingi tunabaki wakusanya data. Kama anafuata njia hiyo, waandikiane mapema, kabla andiko halijatumwa: bajeti ya Mtwara ni kiasi gani na inasimamiwa na nani, nani mwandishi wa kwanza wa makala ipi, data zinakaa wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Mwenzako akikataa kuuandika, umeshajua.

Na ruzuku ya dola 5,000 haihitaji jina kubwa, inahitaji swali dogo. Maghala 6 × mara 4 kwa msimu × magunia 5 = sampuli 120, kilo moja kila moja. Unyevu, kupasua na kupima kiini, ukungu kwa macho. Hiyo inafanyika. Anayeahidi mnyororo mzima wa thamani wa korosho mikoa mitatu kwa dola 5,000 anaonyesha hajawahi kulipia mafuta ya gari.

BintiMikindani

Asanteni sana, wakuu. Nimeelewa kuhusu fani na msimu. La mwisho: wadhamini wawili wa barua na kutuma kwenyewe. Nini huharibika hapo?

Nangurukuru

Majina, kwanza kabisa. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Ally, pasipoti Ali, cheti cha chuo kina jina la mume. Mfumo wa maombi unakuona watu watatu. Kiapo au hati ya kubadili jina ishughulikiwe sasa, siyo wiki ya mwisho.

Wadhamini: mifumo mingi inawatumia kiungo wao wenyewe, na kiungo huangukia barua taka. Tumia barua pepe zao za taasisi, wape angalau wiki tatu, watumie andiko na wasifu wako ili barua isiwe ya "namfahamu kama mtu mwadilifu". Mmoja awe amesimamia utafiti wako. Mkuu wa idara aliyekujua miezi mitatu hana cha kuandika. Kwa uzamivu ongeza barua ya mwajiri ya ruhusa ya masomo, na hiyo hupitia vikao, hivyo ianze mapema kuliko zote.

Saa: wito ukisema 23:59 GMT, kwetu ni saa 8:59 usiku na tarehe imeshageuka. Wito ukitaja saa ya London badala ya GMT, majira yao ya joto inapungua saa moja, inakuwa 7:59. Wito wa Umoja wa Ulaya unaofungwa saa 17:00 ya Brussels ni saa 1:00 usiku kwetu wakati wa baridi na saa 12:00 jioni kiangazi chao. Sasa weka umeme wa huku na intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika nchi nzima ikasuasua. Tuma saa 48 kabla.

Mhasibu_wa_Miradi

Na PDF moja isizidi ukubwa waliosema. Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu vinafika MB 20 wakati mfumo unakubali 5. Viskani kwa rangi ya kijivu, nukta 150 kwa inchi, kisha vifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama vinasomeka. Bajeti iangalie mara mbili kwamba jumla ya kwenye jedwali ni sawa na jumla uliyoandika kwenye fomu ya mtandaoni. Tofauti ya dola 40 imeshawahi kutosha kurudisha maombi.